Helikopta ya Misheck na Kombeo la Ruguru

Hapa Gachoka mashine ya kusaga unga ikinyamaza, anayeitwa ni shemeji yangu, Misheck Mbaka. Amemwoa dada yangu Ruguru, na mke huyo alimpata kwa ruhusa yangu, kwa hivyo sifa zake nusu ni zangu. Misheck hukaza bolti mpaka spana ilie. Mashine aliyoikaza yeye hailegei. Kilicholegea ni mguu wake wa kushoto, tangu siku ule ukanda wa mashine ulipoushika. Kukimbia hawezi tena, na ndege wakivamia mawele asubuhi na jioni, anayekimbia ni Ruguru, na kombeo lake la katani.

Sasa binti yao Winfred alikuwa anapewa digrii Embu, wa kwanza katika ukoo wetu. (Mimi niliachia shule darasa la sita, walimu walikuwa wameishiwa na ya kunifunza.) Siku ya mahafali ikaangukia wakati mawele yanakomaa. Ruguru akasema haendi, akienda atarudi akute mabua matupu. Aliyasema hayo akichagua ndengu, bila kuinua kichwa, na mimi namjua dada yangu: akikosa kuinua kichwa, ameumia.

Misheck aliposikia hivyo alinichukua tukaenda Meru, hadi mtaa wa Majengo, kwa Riungu anayeuza vyombo vilivyokufa. Humo ndani kulikuwa na helikopta ya rimoti, ya betri, kubwa hata unaibeba kwa kuikumbatia kama mwana-kondoo, mapanga yake ya juu marefu kama mkono wangu. Mwenyewe wa kwanza aliiangusha, akaichukia. Mimi ndiye niliyebishana bei mpaka Riungu akaanza kuniamkia kama mzee wake.

Kuirusha juu ya mawele ifukuze ndege hakukumtisha Misheck. Winfred alishamwekea kwenye simu mchezo wa kurusha helikopta, na humo alikuwa ameangusha nyingi bila hasara. Aliifungua yote juu ya gunia, akabadilisha vilivyovunjika, akaunganisha. Tukaitoa nje uwanjani, akawasha, nami nikarudi nyuma kwa hiari yangu. Mapanga yaliposhika kasi, kitu kizima kikaanza kurukaruka chini kama kifuniko cha sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yakitokota. Akazima upesi.

Akauviringisha mhimili wa mapanga juu ya kioo: umenyooka. Akapima mapanga mawili, moja likawa jepesi, akalibandika utepe mpaka yakalingana. Akawasha. Githeri ile ile. Basi akafanya anachojua, akakaza bolti za mapanga. Ikatetemeka, akakaza zaidi. Nilimshauri tuifunge na kamba ya ng'ombe, hakunisikiza. Mafundi wana kiburi.

Jioni moja, mahafali yakiwa keshokutwa, ndege wakashuka. Ruguru akatoka mbio, akapakia jiwe, akazungusha kombeo juu ya kichwa. Misheck akamkazia macho.

"Mama Winfred, hebu rudia."

"Mawele yanaliwa, wewe unataka maonyesho?"

"Rudia tu."

Akarudia. Kombeo likining'inia lilikuwa limejipinda, lakini likizunguka kamba yake inanyooka kama rula. Misheck akacheka peke yake.

"Hakuna aliyeinyoosha," alisema. "Inajinyoosha kwa sababu imeachiwa nafasi."

Akachukua spana na kulegeza bolti, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu azaliwe. Kumbe kila panga alikuwa amelikaza likiwa limeenda upande kidogo, na kwa kukazwa vile likakosa njia ya kujirekebisha. Akalegeza mpaka ukilisukuma kwa kidole linasogea kwa kugomagoma. Akawasha. Mapanga yakajinyoosha yenyewe, mtetemo ukaisha, na helikopta ikapanda. Ilipopita juu ya shamba, ndege waliinuka wote kama blanketi wakahamia kwa jirani yetu Marete, ambaye nilikuwa na neno naye.

Ruguru aliitazama mpaka ikashuka.

"Na betri ikiisha?"

"Naweka nyingine," Misheck akasema.

"Na wakati unaweka?"

Hapo akanigeukia, akanipa kombeo. "Muriuki, siku hiyo usikalie kiti."

Siku yenyewe Ruguru alivaa viatu vya kanisa akaenda. Misheck aliketi ukingoni mwa shamba, mguu ameunyoosha, rimoti pajani, akiituma helikopta kona ambazo yeye hafiki. Akibadilisha betri, kazi ni yangu. Jiwe langu moja lilipiga mabati ya choo cha Marete, lakini ndege hawakujua nililenga wapi, wakatoroka vilevile.

Jua lilipopanda Ruguru akapiga simu. Nyuma yake watu walikuwa wakipiga vigelegele. Hakusema lolote juu ya Winfred wala joho lake, aliuliza mawele.

Misheck aliishusha helikopta karibu na sisi, akaniachia simu, akairusha tena. Nikaielekeza simu juu. Ruguru aliusikiza ule mvumo ukipita shambani na kurudi.

"Haya," akasema. "Basi mwambie Baba Winfred nitakaa mpaka picha ya mwisho."