Mlingoti wa Nne

Dativa alizaliwa Newala, akaja Mitwero akiwa mke mpya wa Faustino. Hawakujaliwa mtoto. Yeye alishona nguo, mumewe alilima ufuta. Kila sikukuu ya Ekaristi Faustino alikuwa miongoni mwa wanaume wanne walioshika milingoti ya kitambaa cha kumfunika padri abebapo Sakramenti barabarani.

Sifa za madini ya Tunduru zilipovuma, Faustino aliaga. "Nikipata jiwe moja la maana, narudi."

Kitambaa kile kilikuwa kimeliwa na mende. Soko huria lilikuwa limejaza satini madukani, parokia ikamwomba Dativa ashone kipya. Alikidarizi masuke ya ngano na vishada vya zabibu, tunda ambalo hakuwahi kulionja. Alishona akimngojea mtu wa kukibeba.

Siku moja jirani yake Sada alikuja.

"Dada, Ridhiwani karudi toka Tunduru. Kamwona Faustino."

"Mzima?"

"Mzima. Kaoa. Na mke ana mimba."

Dativa aliendelea kuvuta uzi. "Basi. Nilidhani kafukiwa na kifusi."

Sikukuu ilipofika, wanaume walikuwa watatu. Padri aliuliza wa nne yuko wapi. Dativa akatoka kwenye msafara wa akina mama, akaushika mlingoti uliobaki.

"Kazi ya wanaume hii, shemeji," Klementi, mmoja wa wale watatu, alimnong'oneza.

"Wanaume mko watatu."

Padri akasema, "Twendeni."

Upepo wa pwani ulikivuta kitambaa, bega likamuuma. Ndipo alipojua kwamba mshika mlingoti hakai kivulini. Jua lilimchoma njia nzima. Kando ya barabara watu walipiga magoti, macho yao kwa Sakramenti. Hakuna aliyemtazama yeye. Alilia bila kujifuta, kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi.

Faustino hakurudi. Dativa alibeba mlingoti ule mwaka baada ya mwaka, hadi magoti yalipomkatalia.

Lakini jioni ya siku ile ya kwanza alikuta Sada amemwachia wali na samaki mlangoni, sahani imefunikwa. Alikula nusu, nusu akaiweka kando kwa mazoea. Asubuhi akaila mwenyewe, imepoa.