Gauni Alilolitoa Nerima

Tangu ahamie Kampala na mumewe Wanyama kutoka Busia ya Kenya, Nerima hakuwahi kutoa kitu kwa moyo mweupe kama gauni lile la kitenge. Lilikuwa limeanza kumbana, akalipeleka kanisani Namuwongo wapewe wakimbizi wa Kongo.

Jumapili iliyofuata akaliona mlangoni mwa kanisa. Aliyelivaa ni Nsimire, mkimbizi mjane aliyekuwa fundi cherehani. Alikuwa amelipunguza na kulitia mikono mipya, likamkaa utadhani amezaliwa nalo. Wanyama, ambaye haoni hata mkewe akisuka nywele, akasema, "Dada, leo umependeza."

Wivu ukamkaba Nerima. Kwao mtoaji hatangazi alichotoa, lakini mdomo ulimtangulia.

"Hilo gauni lilikuwa langu," akasema mbele ya wanawake wenzake.

"Najua, mama," Nsimire akajibu taratibu. "Asante sana. Kitambaa kilichobaki nimemshonea binti yangu sketi mbili."

Wanawake wakaangua kicheko, na Wanyama naye akacheka. Nerima akamshika mumewe mkono, akaubana, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.