Moto Uliokula Hasira Yangu

Wajukuu zangu wanasema jua lilinipiga kichwani. Jua gani, na magharibi ilikuwa imeshaswaliwa? Nimechoka kubishana nao. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, kwenye laga, mkondo wa mto wa msimu uliokauka, nje kidogo ya Bura, na wallahi siapi ovyo.

Kwanza ujue nilivyokuwa. Hasira yangu haikuwa na kipimo. Asubuhi ningemchukia mtu, adhuhuri nikamchinjia mbuzi. Mke wangu Habiba nilikuwa nimeshamwacha mara mbili kwa namna hiyo: mara ya kwanza kwa ajili ya chai iliyopoa, mara ya pili hata sikumbuki kwa nini. Mara zote nilimrejea kabla eda haijaisha, nikiona haya. Kwa hiyo tulibakiwa na talaka moja. Ya tatu ikitoka hakuna kurejeana, mpaka mwanamke aolewe kwanza na mwingine na ndoa hiyo ivunjike. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, na mimi nililijua kuliko wote.

Jioni hiyo mbuzi wengine hawakurudi. Nikataka taa yetu ya sola niwafuate. Habiba akasema amempa jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa.

"Mbuzi wangu waliwe na fisi kwa sababu jirani anazaa?"

"Mzee, unataka mtoto azaliwe gizani? Wewe ulizaliwa na mbuzi?"

Nikatoka bila taa.

Ng'ambo ya laga nikaona moto, na mtu amechuchumaa kando yake, amejifunika shuka mpaka masikioni. Nikatoa salamu. Hakuiitikia. Alisema tu, "Karibu, adeer, keti uote moto." Adeer kwetu ni ami, ndivyo vijana wanavyomwita mzee kwa heshima, na kusema kweli ilinipendeza. Lakini hayo mengine aliyasema kwa Kiswahili safi cha ofisini. Niambie wewe, nani humsemesha mzee wa Kisomali kwa Kiswahili katikati ya pori letu la Fafi? Hapo ndipo ningepaswa kugeuka. Mimi nikaketi.

"Nani amekukasirisha?" akauliza.

Basi nikaanza. Nikamweleza habari ya taa, moto ukapanda. Nikamweleza ile chai, ukapanda zaidi, nikahisi joto zuri usoni. Halafu, kwa haki tu, nikataja kwamba Habiba ndiye aliyeniuguza nilipovunjika mguu, akinibeba mpaka chooni. Moto ukanywea ukawa kama wa njiti ya kiberiti. Yule mtu akaanza kutetemeka.

"Wacha hayo ya mguu, adeer," akasema. "Rudi kwenye taa."

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba joto la moto hutufikia kwa miale, na usiposogea, na kuni zikawa zile zile, joto halirukiruki. Hapa sikuwa nimesogea hata shubiri. Tena kuni zenyewe hazikuwepo! Moto ulikuwa unawaka juu ya mchanga mtupu. Nililiona hilo kwa macho yangu, na bado nikaendelea kusema.

Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa raha, niamini. Umewahi kukasirika ukapata mtu wa kukusikiliza? Kila neno baya lilinipa joto, na joto likipungua nilitafuta neno baya zaidi. Nilipoishiwa na ya kweli nikaanza kutunga.

"Na mwanamke kama huyo bado ni mke wako?" akauliza taratibu.

"Si mke wangu. Nimemwacha." Nikalitamka wazi, kwa jina lake na la baba yake.

Moto uliruka ukapita kichwa changu. Kisha ukazimika ghafla. Nikapapasa mchanga: baridi, hakuna jivu, hakuna mtu. Na hasira je? Haikubaki hata ya kumfukuzia inzi. Nikakaa pale kama mjinga, nikitafuta ni nini hasa kilichonikasirisha, nisikione.

Nyumbani mbuzi walikuwa wamerudi wenyewe. Jirani alikuwa amepata msichana. Habiba alikuwa ameniwekea chakula, nikakisukuma kando.

Kesho yake nikaenda kwa sheikh. Akaniuliza jambo moja tu: hasira ilikufunika akili, au ulijua unachosema? Uone mlango aliokuwa ananifungulia: aliyefunikwa akili, talaka yake haihesabiki. Nikamwambia nilijua. Akainamisha kichwa.

Habiba aliposikia alinifokea kuliko siku zote za ndoa yetu. "Nani alikusikia? Jini? Jini angekuja Bura kutoa ushahidi? Mzee mjinga wewe, hukuweza kufunga mdomo siku moja tu?" Akakusanya vitu vyake, akahamia kwa kijana wetu anayekaa Ijara. Mpaka leo tukikutana harusini hujifunika uso kama mbele ya mgeni, na ana haki.

Mimi tangu siku ile sipati joto. Garissa mjini, saa sita mchana, mbuzi wanahema chini ya malori, na mimi nimevaa sweta, watu wananicheka. Nikikaa karibu na jiko naona makaa mekundu lakini hayanifikii. Hasira nayo imekatika kabisa. Watu wananisifu, eti mzee siku hizi ametulia. Ametulia! Kwa faida ya nani sasa?

Basi wewe unayesoma, hasa wewe kijana uliyeoa juzi na umeshalitamka neno hilo mara moja ukidhani ni mchezo: mtu akikupa nafasi ya kumsema mke wako, nawe ukasikia raha, inuka. Usimalize hata ulilokuwa unasema. Wala usidhani lazima awe jini. Wengine wana majina, wana watoto, na mnakaa nao barazani kila jioni.