Bibi wa Ukutani

Juzi pale Majengo nilimkuta dada mmoja mchoraji amesimama na kopo la rangi mbele ya mgahawa. Ukutani alikuwa amechora bibi anapepeta ulezi. Mwenye mgahawa alikuwa anafoka.

"Nilikwambia sahani ya wali na kuku! Nani atasikia njaa kwa kumtazama bibi? Futa!"

"Bosi, ngoja kwanza nimalize."

"Umalize nini? Kwani hii nayo ni kazi? Tafuta kazi, binti."

Damu ilinichemka. Nilishapanga hoja zangu, nikakohoa tayari kumpasha. Hapo akatokea mama mmoja na kiroba cha mahindi kichwani. Alipouona ukuta alitua mzigo, akachuchumaa, akapiga makofi polepole, kama tunavyowasalimu wakubwa huku Ufipa.

"Mama, hiyo ni picha tu," alisema mwenye mgahawa.

"Naona, baba. Sasa nimpite bila salamu?"

Jamaa alijikuna kisogo. Kisha akamwambia mchoraji, "Haya, mmalizie miguu. Asikae hewani."

Dada aligeukia ukuta haraka, akaanza kuchora miguu. Mimi hotuba yangu niliimeza, na namshukuru sana yule mama. Ningetangulia kuongea mimi, ukuta ungefutwa.