Kaaha na Kikombe cha Asubuhi

Siku zile Garissa, mtu akitaka kujua harusi ilifana kiasi gani, aliuliza nyumba ya bibi harusi imejengwa na nani. Akiambiwa ni Kaaha, basi, hakuuliza tena. Kaaha alikuwa fundi wa aqal, zile nyumba za duara za miti ya kupindwa na mikeka, na alizijenga huku akiimba na kuwatania wenzake mpaka wakashika mbavu.

Vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, vilimkuta njiani. Alikuwa akitoka Kotile na mikeka yake, na lori alilopanda likakanyaga bomu. Kaaha alirushwa hewani akaangukia kiuno. Hospitali walimchoma sindano za mofini, na kwa haki ya Mungu zilimsaidia, maana bila hizo angelia usiku na mchana. Shida ilianza aliporudi nyumbani. Kiuno kilitulia, lakini mwili ukawa unadai kitu. Akaja kugundua kwamba ile dawa ya tumbo iliyouzwa dukani katika vichupa vya kahawia ilikuwa na kasumba ndani, jamaa wa ile mofini. Kijiko kikazaa vijiko, na vijiko vikazaa chupa.

Mumewe, Bare, mfuga ngamia mpole asiyependa maneno mengi, alivumilia mpaka akachoka.

"Kaaha, tumbo gani hili? Haliponi, na mtoto halizai!"

Kaaha akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akamweleza yote.

Walikwenda zahanati moja mjini. Dresa, msaidizi wa daktari, hakumwangalia hata usoni. "Acha tu, mama," alisema. "Hiyo ni tabia mbaya, si ugonjwa." Kaaha, mkaidi tangu utotoni, akaacha siku hiyo hiyo. Lo! Makamasi yalimtiririka, miayo haikukatika, jasho likamlowesha na miguu ikawa inarusha mateke yenyewe. Bare alimtazama mpaka akashindwa, akaenda dukani mwenyewe kununua kichupa.

"Nisamehe," alimwambia. "Lakini lazima yuko mtu anayejua dawa ya jambo hili."

Akawa anauliza kila alikopeleka maziwa. Mwishowe akaelekezwa kwa Kalicha, tabibu Mborana wa kutoka Wajir, aliyekuwa na kliniki ndogo karibu na mto. Kalicha alimsikiliza Kaaha mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Abaayo, dada yangu, wewe si mtu mbaya," alisema. "Mwili wako umezoeshwa. Tutauzoesha tena, pole pole." Akamimina dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha bati. "Hii inaitwa methadoni. Ni ndugu wa mofini, lakini huyu ndugu ana utulivu. Utakuja kila asubuhi, unywe mbele yangu. Tukiona umetulia, nitaanza kuipunguza."

Kaaha akainywa, uso wote ukajikunja. "Walaahi, daktari, bora lile bomu!"

Lakini siku zilivyokwenda akaanza kulala vizuri, akala, akanenepa. Mikono ikaacha kutetemeka. Sauti yake ya kuimba ikarudi, na Bare akawa anaomba apunguziwe kelele, huku anatabasamu.

Serikali ilipowakusanya watu katika vijiji vyenye ua wa miiba, Kaaha alilazimika kuomba ruhusa kwa wanajeshi langoni kila asubuhi. Majirani aliwaambia anatibiwa kiuno. Ogle, mzee dalali wa mifugo mwenye sauti ya kuamsha kijiji, hakumwacha apumue. "Kiuno chako kinakwenda kunywa chai kila siku?" alikuwa akimpigia kelele.

Basi kukatokea mapigano karibu na barabara, na lango likafungwa. Hakuna kutoka. Siku ya kwanza Kaaha alijikaza. Ya pili miayo ikaanza. Yule mwenye duka naye alikuwa amehamishiwa kijijini hapo hapo na mkoba wake wa bidhaa, na vichupa vya kahawia vilikuwa ndani yake. Kaaha alisimama akavitazama, akageuza mgongo, akaenda kuketi karibu na lango ambako hakuna cha kununua.

Kumbe Kalicha naye hakukaa. Alifika langoni kwa miguu, amefunikwa na vumbi, na chupa yake kwenye mfuko. Askari akaikamata.

"Dawa hii ni ya shifta aliyejeruhiwa!"

"Ni ya mgonjwa wangu."

"Mgonjwa gani? Ajitokeze!"

Watu walikuwa wamejaa. Kaaha akasimama.

"Ni mimi!" alisema kwa sauti ile ile ya harusini. "Nilishikwa na dawa ya tumbo nikawa siwezi kuishi bila chupa. Huyu daktari ndiye ananitoa huko. Kama ni kosa, nikamateni, lakini kwanza nipeni kikombe changu!"

Askari aliinusa ile chupa, akakunja uso, akamrudishia Kalicha. Kaaha akanywa mbele ya kijiji kizima. Ndipo Ogle alipojipenyeza mbele, safari hii kwa mnong'ono.

"Daktari," alisema, "hiyo dawa ya tumbo... ile ya chupa ya kahawia... mtu akiwa anainywa tangu kiangazi cha juzi, naye hesabu yake ikoje?"

Kicheko cha Kaaha kilisikika mpaka upande wa pili wa ua.

Lango lilipofunguliwa, wakawa wawili njiani kila asubuhi, wakigombana kwenda na kurudi. Ogle alilalamikia uchungu wa dawa, Kaaha alilalamikia mwendo wake wa kobe. Kalicha aliendelea kumpunguzia Kaaha kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja akakiinamisha kikombe kuonyesha hakuna kitu, akampa mkono wa pongezi.

Kesho yake Kaaha alikuwa langoni tena, mapema.

"Wewe si umepona?" askari alimuuliza.

"Mimi nimepona," Kaaha alisema. "Nampeleka Ogle. Akikosa mtu wa kumgombeza, huyu ataishia nusu ya njia."