Sabuni ya Ng'ombe Mnono

Nilipopunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba, nilijitangaza kuwa fundi sabuni. Ufundi wenyewe ulikuwa kuyeyusha shahamu kutoka machinjioni, kuichanganya na magadi ya sabuni, na kuwajibu majirani kwa sauti ya mtaalamu.

Mteja wangu mkubwa pale Shinyanga mjini alikuwa mama mmoja wa Kihindu, mjane mwenye duka la vitambaa. Kila alfajiri alioga kwanza, ndipo akawasha taa yake ya sala. Kwa miezi miwili alikuwa akioga kwa sabuni yangu. Siku moja, akinikatia kitambaa dukani kwake, akaisifia, akauliza siri yake. Mimi Msukuma, na kwetu ng'ombe ndiye sifa, nikavimba kichwa.

"Hakuna siri, mama. Ni mafuta ya ng'ombe matupu, tena mnono."

Akaweka mkasi chini. Nilijua fika kwamba hali nyama. Haikunijia akilini kwamba ngozi yake nayo ina mwiko. Akasema taratibu kuwa kumbe siku zote hizo alikuwa akijipaka ng'ombe, kisha anakwenda kusali. Badala ya kunyamaza, nikamfariji. Nikamwambia asihuzunike, maana hata sabuni zile za kiwandani zenye picha za maua, alizooga nazo tangu usichana wake, nyingi zina shahamu vilevile. Sijui kwa nini sikuzaliwa bubu. Mama yule alilia, na mimi nikaona aibu hadi miguuni.

Nikamwahidi sabuni ya mafuta ya pamba, isiyoguswa na mnyama yeyote. Wiki nzima nilihangaika, naye wiki nzima akajisugua kwa unga wa dengu. Ya kwanza ikawa uji. Ya pili ikawasha mikono kama upupu. Ya tatu ikakubali, laini kidogo lakini yenye povu.

Nikampelekea mche mmoja, nimeufunga kwenye gazeti. Akaunusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kisha akauliza kama nimeipikia kwenye sufuria ile ile ya zamani.

"Ndiyo, mama, lakini usiwe na wasiwasi," nikasema kwa fahari. "Niliisugua mpaka ikang'aa."

"Kwa sabuni gani?"

 Nikanyoosha mkono, akanirudishia mche wangu.