Tuligombania mbuzi wa part two, kumbe wa part one hatukuwahi kumsikia

Wakuu, habari za humu ndani. Nawaandikia kutoka Lubumbashi, hivyo Kiswahili changu mtakivumilia, hiki cha kuandika nimekiokota kwenye nyuzi zenu.

Ninachosimulia kilitokea sebuleni kwa kaka yangu nikiwa nimekaa pale pale. Sijaongeza chumvi. Chumvi yote iliyomo aliitia marehemu baba yetu, na mtaona alivyoitia.

Kuna filamu moja ya familia, ya kuchekesha, ya wanyama wanaoongea. Jina silitaji, nawajua, mtaanza kubishana kabla sijamaliza.

Kuna mbuzi, kuna mbwa, kuna bata mwenye majivuno, wote wanaishi na familia moja kwenye nyumba ya mlimani. Part one tuliiona tukiwa wadogo, tulipokuwa tunakaa mtaa wa Makomeno. Sasa part two imetoka.

Kwanza niwaeleze tulivyokuwa tunatazama.

Enzi hizo filamu zilitufikia kwa Kifaransa. Wazee wengi hawakukijua, na sisi watoto wadogo ndiyo kabisa. Kwa hiyo kila nyumba yenye televisheni ilikuwa na mtu wake wa kugeuza. Anakaa kando ya televisheni, anasikiliza, anawageuzia wengine kwa Kiswahili.

Kwetu alikuwa Papa, baba yetu. Mtu wa reli, kama baba yake kabla yake. Jumapili akitoka misa anavua viatu, anavuta kigoda, anapunguza sauti ya televisheni karibu yote ili yake isikike.

Halafu anakuwa mbuzi.

Jamani, yule mbuzi! Alikuwa mzee mstaafu wa reli kutoka Kabalo, kule kaskazini familia yetu ilikotoka. Kila saa analalamika treni imechelewa. Yule mbwa yeye anamwita chef de gare, yaani mkuu wa stesheni. Akipewa nyasi anakohoa kidogo, anazitazama, kisha anauliza kwa adabu zote bukari iko wapi. (Bukari ni ugali, kwa mnaojiuliza.)

Kaku, yaani bibi yetu, mama yake Papa, alikuwa anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kinamdondoka.

Hadi leo nikifumba macho narudi kule. Mapazia ya njano yamefungwa, mwanga unaingia kama uji mwepesi. Sombe, yaani kisamvu, inachemka jikoni, Mama anacheka huko huko bila kuona picha. Na sauti ya Papa inatoka kwenye mdomo wa mbuzi, polepole, kama vile imekuwa ikitoka humo tangu dunia iumbwe. Sijui kipi nilikiona na kipi nilikuja kukiota baadaye. Sitaki hata kujua.

Mwishowe deki ikaila ile kaseti, ikawa basi.

Papa alitutoka mwaka jana.

Tangu mazishi Kaku anakaa kwangu, mtaa wa Bel-Air. Anakula kidogo, anasema kidogo, anakaa barazani anatazama maua ya jakaranda yanavyoanguka. Watoto wa siku hizi wanaongea Kifaransa tangu asubuhi, na sisi wakubwa tunawajibu hivyo hivyo bila kufikiri. Yeye anabaki katikati yetu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Siku moja nikakuta mfuko wake umefungwa, umewekwa karibu na mlango.

"Kaku, unaenda wapi?"

"Kabalo. Treni ikipatikana, naenda. Huku hakuna tena muntu wa kunigeuziaka maneno."

Wakuu, niliumia. Kabalo ni mbali, mwili wake umechoka, na waliobaki kule wanaomjua wanahesabika. Tulijua akienda hatutamwona tena.

Ndipo kaka yangu Sylvain akapata wazo. Yeye anakaa Golf, mtaa wa wenye nazo, ana ukuta mweupe na projecteur. Akasema tumlete Kaku Jumapili tumwonyeshe part two. Labda mbuzi atambembeleza abaki.

Tukaenda. Joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, la kusinzia. Tukafunga mapazia, ukuta mzima ukawa mlima, na mbuzi akatokea mkubwa kuliko kabati. Kaku akaketi mbele, mikono kwenye mapaja, na mfuko wake miguuni. Ndiyo, aliubeba hadi Golf.

Filamu ikaisha. Kaku hakucheka hata mara moja.

Sisi tukaanza kurushiana maneno.

Mdogo wangu Nadège ndiye aliyeanza. "Banaharibisha filme yetu! Ule mbuzi haiko ule wa zamani. Ule wa zamani alikuwaka na akili, huyu anapiga paka kelele!" (Paka kwetu ni 'tu', msitafute paka kwenye filamu.)

Sylvain hakukubali. "Weye unapenda paka bintu ya zamani. Angaria image! Angaria vile banatengeneza manyoya! Franchement, hii inapita ya kwanza."

Watoto wa Sylvain wao walikuwa upande wa bata, kwa sababu aliimba. Mama alilala katikati, akaamka akatoa hukumu yake kwamba filamu ni nzuri ila watu wa ile nyumba hawapiki kabisa, wanaishi kwa kula nini?

Mimi nilikuwa na Nadège. Niliona kama wametuibia mbuzi wetu, nikasema hivyo kwa sauti ambayo leo inanichekesha.

Sylvain akakasirika. "Bon! Tuweke ya kwanza, hapa hapa. Tuone."

Akaitafuta kwenye simu, ile ile, ya Kifaransa, akaiweka ukutani. Nyumba ya mlimani. Mbwa langoni. Tukajiweka vizuri, Nadège ameshaanza kutabasamu kwa kujua ushindi ni wake.

Mbuzi akatokea. Akapewa nyasi.

Akasema, "Merci." Akala.

Basi.

Tukangoja. Hakuna Kabalo. Hakuna chef de gare. Hakuna treni iliyochelewa. Mbuzi wa part one, kwenye filamu nzima, anaongea labda kama mtu mwenye jino linalouma. Kazi yake kubwa ni kula na kuangalia.

Nadège akaniangalia, mimi nikamwangalia Sylvain. Mama akasema polepole, "Kwani ile maneno yote ilikuwaka ya nani?"

Mnaelewa, wakuu? Tulikuwa tumeipenda filamu ambayo hatukuwahi kuisikia. Sauti ilikuwa chini siku zote. Tulimsikia Papa.

Nilijiona nimempoteza mara ya pili, na safari hii hata mbuzi ameondoka naye. Nadège akaanza kulia waziwazi.

Ndipo tukasikia kicheko.

Kilianza kidogo, kama mtu anayekohoa. Alikuwa Kaku. Mabega yanatikisika, machozi yanashuka, mkono umeshika kitambaa cha kichwa kisianguke.

"Munalia nini? Miye nilijua tangu zamani."

"Ulijua, Kaku? Na Kifaransa haukijui!"

"Bazungu ba filme bangejulia wapi vile muzee yangu alikuwaka anaomba bukari?"

Akatueleza. Yule mbuzi alikuwa mume wake. Babu yetu, aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa. Ile adabu ya kukohoa kabla ya kuomba chakula ilikuwa yake. Kulalamikia treni, yake. Chef de gare alikuwa bosi wake hasa, aliyemchukia hadi mwisho. Papa alikuwa akimrudisha baba yake nyumbani kila Jumapili, mbele ya mama yake, sisi tukidhani tunaangalia wanyama.

"Mulizani nilikuwaka naangaria filme?" akasema. "Nilikuwa naangaria mutoto yangu."

Ukutani mbuzi aliendelea kutafuna, mkubwa, mpole, hana habari.

Kisha Kaku akamgeukia Sylvain. "Rudisha ile ya mupya. Punguza sauti."

Sylvain akairudisha. Akapunguza. Akasimama pale na rimoti mkononi, mtu mzima, mwenye nyumba Golf, hajui afanye nini. Nikaenda jikoni nikamletea kigoda.

Alianza vibaya mno. Alimgeuza mbuzi akawa padri. Kaku akampigia kelele, "Apana! Anakohoaka kwanza!"

Akakohoa. Akauliza bukari iko wapi.

Wakuu, ilikuwa sauti ya Papa. Si sana. Lakini ilikuwemo.

Watoto wa Sylvain, wale wa Kifaransa tu, wakasogea wakakaa chini karibu na Kaku, wakimuuliza kila neno maana yake. Naye akawageuzia. Kabalo ni nini, treni inapita wapi, babu alikuwa nani. Alisema mengi siku ile kuliko yote aliyosema tangu mazishi.

Wiki hiyo hiyo jirani akapita barazani kutuambia treni ya kaskazini imepatikana. Mimi nikaganda na sahani mkononi. Kaku hakuinua hata kichwa, alikuwa anachambua maharagwe.

"Iende tu," akasema. "Miye niko na filme Jumapili."

Nilichojifunza: siku hizi nikikuta watu wanabishana humu kama part two imeiharibu part one, sikimbilii kuchagua upande. Najiuliza kwanza ile ya kwanza waliiona wamekaa na nani.

Haya, na ninyi mseme. Kwenu nani alikuwa anageuza? Na mna uhakika gani kwamba alichowaambia kilikuwemo?